Tarehe ya Kalamu na Tarehe za Vipande Vyake

Kalamu ya wino ni chombo kilichoandika mengi, ilhali habari zake chenyewe ni chache zilizoandikwa. Anayerithi sanduku la kalamu hizo, au anayekabidhiwa kuzipanga katika makumbusho, hujiuliza kwanza zilitengenezwa lini. Na kwa kuwa nyingi zimepigwa chapa ya mwaka ubavuni, hudhani jibu amekwisha kulipata. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Wanaoshughulikia miswada ya Kiswahili wanaijua hali hii: tarehe ya mnakili si tarehe ya mtunzi.

Mfano ulio wazi ni wa kalamu za Waterman za New York. Lewis Edson Waterman alipewa hataza tarehe 12 Februari 1884, na nyingine tarehe 4 Novemba mwaka huohuo. Alifariki mwaka 1901, lakini kampuni iliendelea kuzipiga chapa tarehe hizo kwenye bidhaa zake kwa miaka mingi. Ndiyo maana zinapatikana kalamu zenye mwaka 1884 ubavuni ambazo hujazwa kwa wenzo mdogo wa chuma unaobana kifuko cha mpira kilichomo ndani. Wenzo wa namna hiyo ulipata umaarufu kwa hataza ya Walter Sheaffer wa Iowa ya mwaka 1908, na Waterman walianza kutumia wenzo wao katikati ya miaka ya 1910. Basi kalamu inayoitwa “ya 1884” yaweza kuwa changa kwa zaidi ya miaka thelathini. Chapa ya hataza hutangaza haki ya kisheria. Haitaji siku ya kutengenezwa. Faida yake ni moja tu: kalamu haiwezi kuwa ya kale kuliko hataza ya mwisho iliyotajwa juu yake.

Ushahidi wa pili ni mata yenyewe. Kalamu za mwanzo zilitengenezwa kwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa hadi ukawa mgumu. Ebonaiti nyeusi hugeuka rangi ya kahawia kwa mwanga na maji, na ikisuguliwa kwa kidole gumba mpaka ipate moto hutoa harufu ya salfa. Seluloidi haina tabia hiyo. Sheaffer walileta kalamu za seluloidi sokoni mwaka 1924, na wenzao wakafuata upesi. Duofold nyekundu ya Parker, iliyotolewa mwaka 1921 ikiwa ya ebonaiti, ilibadilishwa kuwa ya plastiki takriban mwaka 1926. Kwa hiyo pua ya mkaguzi inaweza kutenga vipindi viwili pasipo kutazama maandishi yoyote.

Lakini kalamu inayofundisha zaidi ni Parker 51 ya Janesville, Wisconsin. Jina lake latokana na mwaka 1939, wa hamsini na moja tangu kampuni ianzishwe mwaka 1888. Katika soko la Marekani iliingia mwaka 1941. Nibu yake ya dhahabu imefichwa ndani ya gamba, ikachomoza ncha tu. Katika miaka ya 1940 kiwanda kilipiga mwilini tarakimu moja ya mwisho ya mwaka, pamoja na nukta: tatu kwa robo ya kwanza ya mwaka, mbili kwa ya pili, moja kwa ya tatu, na robo ya nne bila nukta. Utaratibu huo unaweza kumshangaza msomaji, kwani nukta zapungua badala ya kuongezeka. Sababu yake ni ya karakana: kukwangua nukta kwenye muhuri wa chuma ni rahisi, kuongeza nukta ni kazi, na hivyo muhuri mmoja ulitosha mwaka mzima.

Kwa kuwa tarakimu ni moja, hapana budi isomwe pamoja na mtambo wa kujazia. Parker 51 za mwanzo zina kitufe mkiani. Hubonyezwa mara kadhaa nibu ikiwa winoni, nacho hutikisa kiwambo cha mpira kinachovuta wino. Mwaka 1948 ulianzishwa mtambo mwingine, wa kijibomba laini kilichofunikwa na ala ya chuma yenye bamba la kubana. Tarakimu 8 basi huonekana kwenye kalamu za mitambo yote miwili, na zote ni halali. Jambo hili lina uzito wake. Tarehe 7 Mei 1945, baada ya Wajerumani kutia sahihi mjini Reims, Jenerali Eisenhower alipigwa picha akiinua kalamu mbili za Parker 51 kwa umbo la herufi V. Kalamu yenye bamba la kubana, hata ikiletwa na hati za ukoo na viapo vya wazee, haikuwako Reims.

Ugumu zaidi uko kwenye kifuniko. Kishikizo chenye almasi ya buluu, alama ya dhamana ya maisha, kilitumika mpaka takriban mwaka 1947. Huko huko hupatikana mwili wenye tarakimu 4 na nukta mbili, yaani wa robo ya pili ya 1944, ukiwa na kifuniko kisicho na almasi. Wakusanyaji wengi huiita kalamu ya namna hiyo mbovu. Humtafutia mwili huo kifuniko cha rika lake, na kile cha zamani hukivisha kalamu nyingine, mpaka sanduku zima linapendeza kwa kulingana.

Ustadi huo ni uharibifu. Kifuniko ndicho kipande kinachopotea kwanza, na aliyekipoteza alinunua kingine dukani au alituma kalamu kwa fundi, ambaye alitumia kilichokuwapo. Kutolingana kwa vipande ni kumbukumbu ya matumizi: kalamu iliyonunuliwa wakati wa vita bado ilikuwa na thamani ya kutengenezwa baada yake. Vifuniko vikishabadilishanwa kati ya kalamu kumi, hakuna atakayeweza tena kujua kipi kilikuwa cha nani. Hata kiwandani penyewe, mwili uliopigwa chapa mwishoni mwa mwaka uliweza kuunganishwa na vipande vya mwaka uliofuata, hivyo ulinganifu kamili nao haufai kuaminiwa mno.

Kwa sababu hiyo kadi ya makumbusho haitakiwi kubeba mwaka mmoja. Yafaa iseme: mwili, robo ya pili ya 1944, mtambo, wa kitufe, kifuniko, baada ya takriban 1947, na maelezo hayo yaandikwe kabla kalamu haijasafishwa, maana chapa za Parker 51 si za kina na kitambaa chenye dawa ya kung’arisha huzifuta kwa siku moja. Baadhi ya nibu nazo zina alama ya tarehe chini ya gamba. Gamba hilo limegandishwa kwa gundi inayolainika kwa moto, na moto ukizidi kidogo plastiki hupinda. Kalamu ambayo haihitaji kutengenezwa yafaa iachwe na nibu yake isiyosomwa.