Mtume na Mtumwa: Habari za Majina ya Mtendwa

Katika lugha za Ulaya kitenzi huwa na umbo lake la jambo lililokwisha kutendwa. Kinorwe, kwa mfano, kina neno skrevet, na neno hilo moja hufaa kwa barua iliyoandikwa na kwa mtu aliyekwisha kuiandika. Kiswahili huigawanya kazi hiyo: mtu ameandika, barua imeandikwa. Lakini tangu zamani kina njia fupi ya kumtaja mtendwa, nayo ni kuligeuza neno liishe kwa herufi e. Aliyeteuliwa ni mteule. Kilichoumbwa ni kiumbe. Aliyeshindwa ni mshinde.

Hapa Dumila tulipata kukosa kwa ajili ya herufi hiyo. Mwanafunzi aliandika ya kuwa Goliathi alikuwa mshinde, nasi tukamsahihisha kwa wino mwekundu, tukaweka mshindi. Hivyo tulimpa Goliathi ushindi ambao hakuupata. Kijana alilipata neno kwa babu yake aliyekaa pwani miaka mingi. Sisi tulilipata baadaye katika kamusi ya mwaka 1939.

Siku hizi majina hayo ni machache, na watu hupenda zaidi yale ya -wa, kama mfungwa na mpendwa, au ya Kiarabu, kama mahabusi na marehemu.

Kitenzi tuma kimezaa yote mawili, mtume na mtumwa. Kwa sarufi wote ni watu waliotumwa. Waislamu wa pwani walimwita mtume yule ambaye Waarabu humwita rasuli. Wamisionari wakalikuta neno tayari, wakalitia mahali pa apostolos la Kiyunani, ambalo nalo maana yake ni aliyetumwa. Mtumwa lilishika njia ya misafara. Njia hiyo ilipita Mamboya, si mbali na kwetu, alikokaa J. T. Last, ambaye sarufi yake ya Kikaguru ilichapwa mwaka 1886. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini Tanganyika sheria ya kuukomesha utumwa ilitoka mwaka 1922 tu.

Basi Waraka kwa Warumi waanza kwa kumwita Paulo kwa majina yote mawili katika aya moja. Wafasiri wengine wameweka mtumishi, wasije wakayaumiza masikio ya watu. Sisi twapendelea mtumwa libaki, maana Paulo aliandika doulos, na wasomaji wake wa Rumi walimwona doulos kila siku sokoni.