Sakafu, Bomba na Tija: Kasoro ya Kigezo cha "Mradi" katika Mikopo ya Halmashauri

Halmashauri za Tanzania Bara hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba sharti kiwe na mradi wa kiuchumi. Kuku wa mayai, ushonaji na mashine ya kusaga vina nafasi katika fomu. Sakafu ya saruji nyumbani kwa mwanakikundi haina, kwa kuwa huhesabiwa matumizi. Makala hii inadai kwamba mpaka huo umewekwa pasipostahili.

Wapo wanaokubali kwamba nyumba huchochea ari ya kazi, ila kwa hoja nyepesi mno. Mwaka 2014 Admirali William McRaven aliwausia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Texas watandike vitanda vyao kila asubuhi, na wahamasishaji wa kwetu wanaimba wimbo huohuo hadi leo. Usia si mbaya. Tatizo ni kudhani kwamba kila aliyeamka ana kitanda na chumba, na kwamba kinachomkwamisha ni uvivu tu. Hata utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya Ctrip ya China, unaotajwa sana kwa kuwa ufanisi wa waliofanyia kazi nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, uliwachukua wale tu waliokuwa na chumba chao cha kufanyia kazi. Sharti hilo hutajwa kwa nadra.

Ushahidi ninaouegemea unatoka Mexico. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila lilianza mpango wa Piso Firme: familia zenye sakafu ya udongo zilipewa zege la kutosha hadi mita za mraba 50, kwa gharama ya takriban dola 150 kwa nyumba. Matias Cattaneo na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walilinganisha kaya za Torreón, mji wa Coahuila, na za miji jirani ya jimbo la Durango, ambako mpango huo haukuwapo. Kwa makadirio yao, udongo ukiondolewa nyumba nzima, maambukizi ya minyoo na vimelea kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, kuhara kwa 49 na upungufu wa damu kwa 81. Watoto walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya ukuaji wa akili. Kwa akina mama, dalili za sonona zilipungua kwa asilimia 52 na msongo wa mawazo kwa 45.

Anayeijua sakafu ya udongo hatashangaa. Kabla ya kufagia hunyunyizwa maji. Yakizidi ni tope, yakipungua vumbi hutimka na kutua kwenye vyombo. Panapochimbika husiribwa upya, na chumba hakikaliki mpaka pakauke. Fundi cherehani wa nyumbani hutandika jamvi kabla hajakunjua kitambaa cha mteja, na bado hukikung'uta kabla ya kukikabidhi. Kazi hizi hazimo katika andiko lolote la mradi, ilhali ndizo zinazoila asubuhi yake.

Mpinzani atauliza: je, kipato cha kaya za Coahuila kilipanda? Hakikuonekana kupanda. Pigo zito zaidi linatoka Tangier, Morocco, ambako Florencia Devoto na wenzake walifuatilia kaya zilizorahisishiwa mkopo wa kuvuta maji ndani. Muda uliookolewa kwenye foleni za bomba la mtaa haukuingia kwenye kazi ya kipato. Uliingia kwenye mapumziko na kutembeleana, na ugomvi wa majirani juu ya maji ukapungua.

Naukubali ushahidi huo, lakini siikubali tafsiri yake ya kawaida. Kwanza, tija ya sakafu haipimwi kwa mama peke yake ndani ya miaka michache. Sehemu yake kubwa imo katika mtoto asiye na minyoo, ambaye bado hajafika shuleni. Pili, mtu aliyechoka hupumzika kwanza. Kumtaka apeleke kila dakika sokoni ili tukiri kwamba amefaidika ni kigezo ambacho hatujajiwekea sisi wenye bomba ndani. Hata hivyo sidai kwamba kila kifaa kidogo kinafaa: nchini Uganda, Yuya Furukawa aligundua kwamba taa za sola ziliwaongezea watoto muda wa kusoma, lakini alama zao zikashuka.

Linabaki suala la marejesho, ambalo maofisa wa mikopo hulishika kuliko yote: sakafu haitagi mayai. Lakini Tangier mkopo ule nao haukuwa na riba, ulilipwa kidogo kidogo pamoja na bili ya maji, na asilimia 69 ya kaya zilizorahisishiwa taratibu ziliuchukua. Zililipa kutoka mfuko uleule ziliokuwa nao, kwa kuwa zilikitaka kitu chenyewe. Kwa hiyo kanuni ziruhusu kikundi chenye rekodi nzuri ya marejesho kukopa saruji, kokoto na ufundi kwa ajili ya nyumba za wanachama wake, kuanzia wale ambao chumba chao ndicho karakana. Marejesho yao yalinganishwe na ya vikundi vya kuku. Sitashangaa wa sakafu wakiongoza.