Pigo la Dramu na Beseni la Bati

Wachekeshaji The Drifters wa Japani ndio wanaonichekesha kuliko wote, na nadhani sababu ni muziki. Mwaka 1966 bendi hii iliwatangulia The Beatles jukwaani Budokan, Tokyo. Mwaka 1969 wakapewa kipindi cha televisheni: kila Jumamosi saa 2 usiku, mubashara, mbele ya ukumbi uliojaa watoto. Kiongozi alikuwa Ikariya Chosuke, mpiga besi. Mwenzake Kato Cha alikuwa mpiga dramu. Katika vichekesho vyao, beseni la bati humwangukia mtu kichwani, kimya kidogo, ndipo anapepesuka. Kimya hicho kinataka mtu anayejua kuhesabu mapigo! Wazazi walilalamika kwamba kipindi kinaharibu watoto. Hata hivyo kiliendelea hadi 1985.