Michezo Tuliyokosa, Viwanja Tulivyonyang'anywa

Ilikuwa karibu saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya tarehe 16 Julai 2022. Tulikuwa wanne nje ya mlango wa beshte yangu, Jericho, tumeinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ferdinand Omanyala alikuwa karibu kukimbia mchujo wa mita 100 kule Eugene, Oregon. Alikuwa ametua huko saa chache tu kabla ya mbio, kwa sababu viza ya Marekani ilimchelewesha Nairobi hadi dakika za mwisho. Huyu ni jamaa aliyekimbia sekunde 9.77 hapo Kasarani mwaka uliotangulia, rekodi ya Afrika nzima. Akakimbia 10.10, akapita. Kwenye nusu fainali miguu ikakataa, akatoka.

Stori ya viza kila mtu anaikumbuka. Ile ambayo wengi hawaikumbuki ilitokea Eugene hukohuko, Alhamisi tarehe 14. Baraza la Shirikisho la Riadha Duniani liliketi kuchagua mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya 2025. Waliobaki mezani walikuwa Tokyo, Singapore, Silesia ya Poland, na Nairobi. Tokyo ikachukua.

Nairobi haikwenda pale mikono mitupu. Julai 2017 tuliandaa mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 18. Marekani, Uingereza na Kanada hazikuleta timu, zikitaja usalama, lakini Kasarani ilijaa pomoni. Agosti 2021 tukaandaa ya wasiozidi miaka 20, katikati ya korona. Na hoja kubwa kuliko zote ilikuwa wazi: mashindano makuu ya riadha ya dunia hayajawahi kufanyika Afrika hata mara moja.

Shirikisho lilisema Tokyo iliongoza katika vigezo vyote, hali ya hewa ikiwemo. Hapo ndipo tulicheka kidogo. Tokyo hiihii, mwaka 2021, marathoni ya Olimpiki ilibidi ihamishwe hadi Sapporo kwa kuhofia joto.

Sasa wanasiasa wetu walisema nini? Walioshughulikia zabuni walisikitika, wakasema tutajaribu tena. Basi. Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti ulikuwa umebaki siku 26. Malori ya kampeni yalikuwa yakipita Jogoo Road na spika kubwa kuliko lori lenyewe. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imevuka shilingi 200, na wiki iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akatangaza itauzwa 100. Kwa mtu wa Eastlands hiyo ndiyo ilikuwa habari. Sikusikia lori hata moja likitaja Nairobi imekosa nini Eugene, na kusema kweli hata sisi hatukuuliza.

Nilianza kuuliza baadaye, nikifuatilia mara zote ambazo jiji hili limekosa michezo mikubwa. Nilitaka kujua jambo moja: tukikosa, viongozi hufanya nini? Jibu la kwanza lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Oktoba 1963, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa ifanye mkutano wake mkuu hapa Nairobi. Mjumbe wa Kenya kwenye kamati hiyo alikuwa Reg Alexander, mzungu aliyewahi kuwa meya wa jiji. Tulikuwa na Madaraka tangu tarehe 1 Juni, Jomo Kenyatta akiwa waziri mkuu, na uhuru wenyewe ulikuwa umebakisha miezi miwili. Yaani nchi haikuwa hata na miaka ya kuhesabu. Serikali ikasema wajumbe wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi hawataingia Kenya. Kamati ikaona afadhali iondoke yenyewe, ikauhamishia mkutano Baden-Baden, Ujerumani Magharibi.

Huko Baden-Baden, tarehe 18 Oktoba, ndiko Mexico City ilikochaguliwa kuandaa Olimpiki ya 1968, kwa kura 30 dhidi ya 14 za Detroit. Fikiria hilo. Kura ya kuamua Olimpiki ilikuwa ipigwe mjini kwetu, na sisi wenyewe tukaifukuza. Kwenye mkutano huohuo Afrika Kusini ilipewa masharti. Iliposhindwa kuyatimiza, haikukaribishwa Tokyo 1964, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa.

Kumbuka Nairobi ya wakati huo ilikuwa jiji la aina gani. Wazungu walikaa magharibi kwenye miti na upepo, Wahindi Ngara na Parklands, na Mwafrika alikaa huku kwetu: Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, Makongeni. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi wa mkoloni walizingira jiji katika Operesheni Anvil, wakakamata maelfu ya watu na kuwapeleka kizuizini. Miaka tisa tu baadaye, mtu aliyetolewa nyumbani kwake Bahati kwa mtutu wa bunduki hangehitaji kuelezwa kwa nini wajumbe wa serikali ya makaburu wasipewe karamu hapa mjini.

Kwa hesabu ya biashara, 1963 tulipoteza. Wageni, sifa, picha kwenye magazeti ya dunia, vyote vilienda Ujerumani. Lakini ukiuliza tulipoteza kwa nini, jibu lipo na linaeleweka. Kuna mtu aliamua, akajua gharama, akalipa. Miaka mitano baadaye, Mexico City hiyohiyo, Naftali Temu akatuletea dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki, na Kipchoge Keino na Amos Biwott wakaongeza zao. Hakuna aliyekumbuka kulilia mkutano.

Baada ya hapo stori inabadilika.

Agosti 1987 tuliandaa Michezo ya Afrika. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China na kupewa jina la Rais Moi, na Harambee Stars wakafika fainali, Misri wakatufunga 1-0. Wazee wa mtaa bado huisimulia hiyo mechi utadhani ilichezwa jana. Kisha tukapewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996. Maandalizi hayakwenda, tukanyang'anywa, likapelekwa Afrika Kusini. Ndiyo, Afrika Kusini ileile, sasa ikiwa huru. Picha ya Mandela akiwa na jezi, akimkabidhi Neil Tovey kombe, ilikuwa ipigwe Nairobi na rais mwingine.

Mwaka 2012, wakati wa Olimpiki ya London, Waziri Mkuu Raila Odinga alitangaza kwamba Nairobi itawania Olimpiki ya 2024. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi wa Machi 2013. Majina ya miji yalipofungwa mwaka 2015, yalikuwa Paris, Los Angeles, Rome, Budapest na Hamburg. Nairobi haikuwepo. Kwa hivyo hatukushindwa kura, hatukupeleka barua. Wapinzani wake walioshinda walikuwa na ahadi yao pia kwenye manifesto ya Jubilee: viwanja vitano vipya vya kimataifa.

Septemba 2017 tukapata kuona ahadi hiyo imefika wapi. Kenya ilikuwa iandae michuano ya CHAN, ile ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, Januari 2018. CAF wakaja kukagua, wakaona viwanja haviko tayari, wakatunyang'anya. Ikaenda Morocco. Wakati huo Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba na nchi ilikuwa inasubiri marudio ya Oktoba. Kila upande ulikuwa na mtu wa kulaumu, na lawama ikazunguka hadi ikachoka.

Ukiziweka hizi zote kwa mstari mmoja, kinachoonekana ni hiki. Zabuni hutangazwa karibu na uchaguzi, na kukosa hupotelea ndani ya uchaguzi. Michezo yenyewe ni bango la kampeni. Ndiyo maana haina mwenyewe ikianguka.

Lakini kuna kupoteza kwingine kulikuwa kunaendelea miaka hiyohiyo, na huko ndiko kunaniuma mimi.

Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Viwanja vya michezo, bustani, ardhi ya barabara, ya shule, ya hospitali. Tume ilionyesha kwamba ugawaji huo ulipanda sana karibu na chaguzi za vyama vingi: 1992, 1997, 2002. Ardhi ilikuwa zawadi ya wafuasi. Sasa linganisha tarehe. Miaka ileile tulipokuwa tunashindwa kuandaa Kombe la 1996, viwanja vya mitaani ambavyo vingelea wachezaji vilikuwa vinakatwa vipande na kupewa marafiki.

Mtaa niliokulia ulikuwa na kiwanja tulichokiita Down. Magoli yalikuwa mawe manne. Mvua ikinyesha, katikati panakuwa bwawa, tunacheza pembeni. Asubuhi moja nikiwa darasa la sita tukakuta mabati yamezunguka. Tukadhani wanatujengea uwanja, aki. Kulikuwa na mtoto aliyeapa ameona nyasi bandia zikishushwa usiku. Leo pale kuna jumba la ghorofa, chini maduka, juu nyumba za kupanga. Mheshimiwa mmoja alikuja kwenye mazishi ya mtu akaulizwa. Akasema hilo ni la aliyemtangulia. Aliyemtangulia naye alikuwa amesema hivyohivyo.

Hakuna baraza lililoketi Eugene kupigia kura Down. Hakuna waliosikitika kwenye televisheni. Hakuna aliyesema tutajaribu tena.

Vilivyobaki huku Eastlands vinajulikana kwa majina kwa sababu ni vichache. Camp Toyoyo hapo Jericho, iliyo na nyasi bandia na mechi karibu kila wikendi. Uwanja wa City, sasa ukiitwa Joe Kadenge. Uwanja wa Dandora, uliokwama miaka kwa miaka huku magavana wakibadilishana. Pumwani bado kuna watoto wanaojifunza masumbwi. Kila kimoja kati ya hivi kingekuwa hoja bora zaidi ya zabuni kuliko video ya ndege isiyo na rubani ikizunguka jumba la KICC.

Na ukweli ni kwamba mashindano ya Tokyo tuliyoyakosa hayakutupunguzia medali. Septemba 2025 Kenya ilimaliza ya pili duniani nyuma ya Marekani, dhahabu saba, na wanawake wetu wakashinda kila mbio kuanzia mita 800 hadi marathoni. Tuliwashinda nyumbani kwa mwenyeji aliyetushinda. Wakimbiaji hawa wengi wanatoka kwenye milima na barabara za vumbi ambazo hakuna aliyeweza kuzizungushia mabati. Mtoto wa Kayole hana barabara kama hiyo.

Sasa tumepewa tena. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 litakuwa Kenya, Uganda na Tanzania, na uwanja wa Talanta wa watu 60,000 umejengwa kwa ajili yake kule Jamhuri, upande wa Ngong Road. Kutoka Kayole ni mat mbili, ukibahatika. Na 2027 ni mwaka gani tena? Mwaka wa uchaguzi.

Kwa hivyo watakuja. Watapanda malori na jezi za Harambee Stars, watapiga mpira mmoja mbele ya kamera, utaenda nje. Mimi nitafurahi Kenya ikicheza, sitadanganya, na nitapiga kelele kama kila mtu. Lakini nina swali ambalo nimeshalianza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu raia yeyote kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 kujibu. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kuomba ramani ya awali ya mtaa wetu, ile inayoonyesha palipotengwa pa kuchezea. Beshte yangu wa Jericho ameandika ya kwao. Kopi yangu imepigwa muhuri, iko chini ya godoro. Leo ni siku ya tisa.