MTOTO WA KULEA NA JINA LA BABA YAKE
Mafunzo ya historia kwa familia zinazolea



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyezaliwa akiwa yatima, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake. Amma baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, hapa Kanyosha ni vigumu kupita nyumba nyingi bila kukuta mtoto wa kulea. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha mayatima wengi, na maradhi na umasikini vikaongeza. Wapo waliochukuliwa na mashangazi na mama wadogo, wapo waliochukuliwa na majirani, na wapo waliorudi na walezi wao kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. Siku hizi limeongezeka jingine. Jamaa zetu walioko Ulaya, Canada na Marekani wanapiga simu wakitaka mtoto wa ndugu apelekwe huko akalelewe na kusomeshwa.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wanatuletea madrasa mara kwa mara: "Mwalimu, kuna ubaya gani tukimwandika kama mtoto wetu wa kumzaa? Karatasi zitakwenda haraka, na yeye mwenyewe hataona unyonge." Wanaouliza hivyo wana nia njema, na kumlea mtoto ni ibada kubwa. Lakini watu kabla yetu walifanya hivyo hivyo kwa nia njema, na matokeo yake tunayajua. Basi tuitazame historia kwanza, halafu turudi kwenye swali.

ZAYD BIN HARITHA (R.A.)

Zayd alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Mama yake alimchukua kwenda kuwatembelea watu wake, wakavamiwa njiani, mtoto akatekwa na kuuzwa katika soko la Ukaz. Hakim bin Hizam alimnunua kwa ajili ya shangazi yake, Bibi Khadija (r.a.). Bibi Khadija alipoolewa na Muhammad (s.a.w.), kabla ya utume, akamzawadia mumewe kijana huyo.

Baba yake, Haritha, hakuacha kumtafuta. Watu wa Kalb waliokuja kuhiji Makka walimwona Zayd wakamtambua, wakapeleka habari. Haritha akafunga safari na ndugu yake, wakiwa na mali ya kumkomboa mtoto wao. Mtume (s.a.w.) hakuwaficha mtoto wala hakuomba fedha. Alimwita Zayd mbele yao na kumpa hiari: akitaka kwenda na baba yake, aende bila fidia yoyote. Zayd akachagua kubaki. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamtoa mbele ya watu kwenye Al-Kaaba na kutangaza kuwa ni mwanawe. Haritha alipoona heshima aliyopewa mwanawe, akarudi kwao na moyo uliotulia. Tangu hapo watu wakamwita Zayd bin Muhammad.

Baadaye, Madina, ikateremka hukumu katika Surat Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na wale ambao baba zao hawajulikani wawe ndugu katika dini. Zayd akarudi kuitwa Zayd bin Haritha. Je, alipungukiwa na mapenzi? Hapana. Mtume (s.a.w.) aliendelea kumpenda na kumpa uongozi wa majeshi mpaka alipouawa shahidi huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria. Na yeye peke yake miongoni mwa Masahaba ndiye aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, katika sura hiyo hiyo, aya ya 37.

Tazameni mambo matatu katika kisa hiki. Baba alijua mtoto wake yuko wapi. Mtoto mwenyewe aliulizwa. Na jina la baba lilirudishwa, hata kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwa mlezi bora kuliko walezi wote.

WATOTO WA SAVE

Sasa tuje kwetu. Nchi yetu na Rwanda zilitawaliwa na Ubelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi mpaka tarehe 1 Julai 1962, na makao makuu ya utawala yalikuwa mji huu wetu, wakati huo ukiitwa Usumbura. Katika miaka hiyo walizaliwa watoto ambao baba zao walikuwa Wazungu na mama zao Waafrika. Wengi hawakukubaliwa na baba zao kisheria. Serikali ya kikoloni iliwaona machotara kuwa ni tatizo, maana walivunja mpaka iliouweka kati ya mweupe na mweusi. Basi ikawa inawachukua kwa mama zao na kuwaweka mbali.

Kwa upande wa Ruanda-Urundi, wengi walipelekwa Save, kusini mwa Rwanda, kwenye kituo kilichosimamiwa na masista. Uhuru ulipokaribia, wakubwa wa kituo walisema watoto hawa hawatakuwa salama Wazungu watakapoondoka. Kati ya mwaka 1959 na 1962, watoto wapatao 300 wakapelekwa Ubelgiji kwa ndege. Wengine waliasiliwa na familia, wengine wakawekwa kwa walezi, na wengine katika nyumba za mayatima.

Tusidhani kuwa kila aliyewapokea alikuwa mtu mbaya. Zilikuwepo familia zilizowalea kwa huruma. Lakini wengi wa watoto hao hawakuwa mayatima: mama zao walikuwa hai. Wapo akina mama walioweka alama ya kidole kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa na kupelekwa nyumba tofauti. Wapo waliobadilishiwa majina, na wapo ambao tarehe zao za kuzaliwa ziliandikwa vibaya. Wengine walikaa miaka mingi bila uraia unaoeleweka, na walipotaka kuoa au kuolewa wakakosa hata cheti cha kuzaliwa.

Walipokua wakaanza kutafuta. Wapo waliofunga safari kurudi Rwanda na Burundi wakiwa watu wazima, wengine tayari wana wajukuu, wakiuliza kijiji kwa kijiji. Hapo ndipo jina lililobadilishwa linapouma. Mtu hana jina la mama, hana jina la kilima alichozaliwa, ataanzia wapi? Waliobahatika walikuta ndugu. Wengi walikuta mama amekwisha kufariki.

Tarehe 29 Machi 2018, bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio la kuitaka serikali ifungue nyaraka na kuwasaidia watu hao kutafuta wazazi wao. Tarehe 4 Aprili 2019, Waziri Mkuu Charles Michel alisimama bungeni na kuomba radhi kwa niaba ya nchi yake. Na tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels ilitoa hukumu katika kesi ya akina mama watano waliozaliwa Kongo, walionyang'anywa mama zao wakiwa wadogo na kupelekwa kituo cha Katende huko Kasai. Mwaka 2021 mahakama ya chini ilikuwa imewakatalia. Mahakama ya rufaa ikasema kitendo hicho ni jinai dhidi ya ubinadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Walikuwa bibi wa zaidi ya miaka 70. Wamepata haki yao, lakini mahakama gani inaweza kumrudishia mtu miaka aliyoikosa na mama yake?

KATIKA ZAMA ZETU

Mtu atasema huo ni ukoloni na umepita. La hasha.

Oktoba 2007, huko Abeche nchini Chad, shirika moja la Ufaransa lilikamatwa likitaka kusafirisha watoto 103 kwenda Ulaya, likisema ni mayatima wa Darfur. Walipohojiwa na mashirika ya kimataifa, ilionekana kuwa watoto 91 wana angalau mzazi mmoja au mtu mzima anayewalea. Wazazi, walio Waislamu kama sisi, walisema waliambiwa watoto wanapelekwa shule. Wafaransa sita walihukumiwa miaka 8, wakapelekwa kwao, na Machi 2008 Rais wa Chad akawasamehe. Watoto walisubiri miezi kadhaa katika kituo kabla ya kurudishwa makwao.

Jirani zetu wa Uganda nao wameyaona. Mwaka 2015 familia moja ya jimbo la Ohio, Marekani, iliasili msichana mdogo kutoka Uganda. Karatasi zilisema mama yake hamjali. Mtoto alipoanza kukijua Kiingereza, akaanza kusimulia habari za mama anayempenda. Wale wazazi wangeweza kunyamaza. Karatasi zote zilikuwa upande wao. Hawakunyamaza. Walichunguza mpaka wakampata mama huyo kijijini, wakajua kwamba aliambiwa mtoto anakwenda kusoma tu na kwamba siku moja atarudi. Mwaka 2016 wakampandisha mtoto ndege, wakamrudisha kwa mama yake. Si Waislamu hao, lakini amana waliijua, na sisi tuna haki ya kuwasifu kwa hilo.

Mwaka huo huo wa 2016 Uganda ilirekebisha sheria yake: mgeni anayetaka kuasili mtoto lazima kwanza akae nchini na kumlea mtoto huyo kwa mwaka mmoja. Agosti 2020, serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo raia 4 wa Uganda, wakiwemo majaji 2, ikiwatuhumu kushiriki katika mpango uliowadanganya wazazi wa vijijini kwa ahadi ya shule. Kongo ilikuwa imesimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa tangu Septemba 2013, na Ethiopia ikapiga marufuku wageni kuasili watoto wake mwaka 2018. Burundi ilijiunga na Mkataba wa The Hague kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi mwaka 1998, na mwaka 1999 ikarekebisha sheria yake ya kuasili.

TUJIBU SWALI

Dini yetu imefunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Uliofungwa ni tabanni, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wa damu yako kwa jina na nasaba. Uliofunguliwa ni kafala: kumlisha, kumvisha, kumsomesha na kumpenda kwa jina lake mwenyewe. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 20, unaitaja kafala kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi.

Sisi Warundi tuna wepesi katika jambo hili. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, hatubebi wote jina moja la ukoo kama Wazungu. Nasaba yetu imeandikwa kwenye karangamuntu katika mistari miwili: Se na Nyina. Mistari hiyo miwili ndiyo amana. Ukiandika jina lako pale pa Se ilhali wewe si baba, umemkata mtoto na watu wake, umegusa mirathi ya wengine, na umeweka hatari ya mtu kuoa dada yake bila kujua.

Basi wanaolea tunawausia haya:

1. Mwandikisheni mtoto komine kwa majina ya wazazi wake wa kweli. Nanyi mwandikwe walezi kwa utaratibu wa sheria.

2. Mwambieni ukweli mapema, kwa maneno ya upole. Mtoto anayejua tangu utotoni huuzoea. Anayeusikia kwa jirani akiwa na miaka kumi na tano huvunjika moyo, na huanza kuhoji kila mlichomwambia.

3. Andikeni na kuhifadhi kila mnachokijua: kilima alichotoka, majina ya ndugu, picha ikiwepo. Msimzuie kuwatembelea watu wake.

4. Akiwa chini ya miaka miwili na mama mlezi akamnyonyesha mara tano kwa ukamilifu, kwa madhehebu yetu ya Shafi huwa mtoto wake wa ziwa na maharimu wa nyumba hiyo. Hata hivyo harithi. Anayetaka kumwachia mali ana mlango wa wasia, usiozidi theluthi moja.

5. Akija mtu na ahadi ya shule ng'ambo, hata akiwa ndugu, ulizeni: anakwenda kwa karatasi gani, zimeandikwaje, na nani amezisoma kwa Kirundi au Kiswahili mbele ya mama yake? Asitie mtu kidole kwenye asichokielewa.

Na yule ambaye wazazi wake hawajulikani, aliyeokotwa wakati wa vita? Tumkumbuke Salim (r.a.), huru wa Abu Hudhayfa. Alipoteremshiwa watu hukumu ya nasaba, baba yake hakujulikana, akaendelea kuitwa kwa jina la aliyemlea, si mwanawe bali ndugu katika dini. Lakini Mtume (s.a.w.) alimtaja miongoni mwa wanne ambao watu wachukue Qur'ani kutoka kwao, na alishika bendera ya Waislamu siku ya Yamama mpaka akauawa. Hakuna aliyemuuliza Salim baba yake ni nani ndipo asome nyuma yake. Wanafunzi wetu mlikumbuke hilo mnapocheza uani, maana tumesikia maneno yasiyofaa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalipe kheri wote wanaolea mayatima, awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, na awakutanishe waliotenganishwa, hapa duniani au katika Pepo Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.