Uraibu wa ngono na ponografia katika ndoa: Kanyabayonga na Grand Nord

Uraibu wa ngono ni hali ya mtu kushindwa, kwa miezi au miaka, kuzuia hamu au vitendo vya ngono, ikiwemo kutazama picha na video za uchi kwenye simu, hata pale anapoona wazi kwamba vinamharibia nyumba, kazi au afya. Makala hii inaitazama hali hiyo ndani ya ndoa, tena kutoka Kanyabayonga, mji ulio juu ya mteremko wa Kabasha, kusini mwa teritori ya Lubero, Kivu Kaskazini, pale barabara itokayo Goma inapoiacha mbuga ya Virunga na kuingia eneo la Grand Nord la Butembo na Beni.

Neno lenyewe, uraibu, ni geni huku. Mama wa Kanyabayonga hasemi mume wake ni mraibu. Anasema, «Baba ya batoto anakeshaka na simu.» Mchungaji atasema pepo ya uzinifu, wazee watasema mazoea mabaya. Kila jina lina njia yake ya kutibu: pepo hufukuzwa, mazoea hukemewa. Ndiyo maana jina si jambo dogo.

Jina lilikotoka

Jina la uraibu wa ngono lilienea kupitia kitabu cha Mmarekani Patrick Carnes cha mwaka 1983, ingawa vikundi vya kusaidiana vilivyofuata mfano wa walevi wanaoacha pombe vilikuwepo Marekani tangu miaka ya 1970. Madaktari wa akili hawakulipokea kwa mikono miwili. Chama chao cha Marekani kilikataa mwaka 2013 kuiingiza hali hii katika mwongozo wake wa magonjwa, kikiona ushahidi hautoshi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichukua njia ya kati. Orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, inautambua ugonjwa wa tabia ya ngono isiyozuilika, namba 6C72, lakini imeuweka kati ya magonjwa ya kushindwa kujizuia, si kati ya uraibu wa pombe na bangi. Mabishano hayajaisha. Mwaka 2014 Valerie Voon na wenzake wa Cambridge walionyesha kwamba ubongo wa wanaume wenye tatizo hili huitikia video za ngono kwa namna inayofanana na ubongo wa mtumia dawa za kulevya anapoiona dawa yake. Watafiti wengine walipima kwa njia nyingine wakapata picha tofauti.

Sehemu ya maelezo ya WHO inayopaswa kusomwa mara mbili Kanyabayonga ni ile isemayo kwamba fadhaa inayotokana na hukumu ya kimaadili peke yake haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Eneo hili ni la waumini: dayosisi Katoliki ya Butembo-Beni, Wabaptisti wa CBCA, Waadventista, na vyumba vya maombi visivyohesabika. Kijana anayetazama video mara 1 kwa mwezi na kulia usiku kucha ana mzigo wa dhamiri, na mzigo huo ni wa kweli, ila si ugonjwa huu. Mwanasaikolojia Joshua Grubbs wa Marekani ameonyesha katika tafiti kadhaa kwamba watu wa dini hujiita waraibu kwa urahisi zaidi, hata wanapotazama kidogo kuliko wengine. Kuna upande wa pili pia: mwanamume anayekesha kila siku na kusema halimsumbui anaweza kuwa mgonjwa kabisa.

Uchunguzi mmoja mkubwa uliofanywa katika nchi 42 kwa watu 82,243 ulikuta karibu asilimia 5 wakiwa katika hatari kubwa ya kuwa na hali hii, wanaume wengi kuliko wanawake. Kwa hiyo si jambo la kila anayetazama, na si jambo la nadra.

Picha zinavyofika

Kabla ya simu za kugusa, mashariki mwa Kongo kulikuwa na vibanda vya video vya mbao na turubai. Mchana zilionyeshwa filamu za ngumi na za Nigeria. Usiku, watoto wakishafukuzwa, ilikuja kaseti nyingine. Kisha akaja kijana wa sokoni mwenye kompyuta juu ya meza, anayejaza nyimbo na filamu kwenye kadi ya simu kwa franka chache. Mteja aliomba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kawaida, na za wakubwa kwa kuinama. Leo hakuna haja ya kuinama. Mega za intaneti za usiku ni rahisi kuliko za mchana, vikundi vya WhatsApp vinatuma bila kuombwa, na simu inachajiwa kwa paneli ya jua iliyo juu ya paa la mwenyewe.

Nyumba nyingi za Kanyabayonga ni za mbao na mabati, na ukuta wa kati haufiki juu. Mke aliyejilaza upande wa pili haoni simu, ila anauona mwanga wake wa buluu ukichezacheza chini ya mabati. Anajua. Atakaa miezi 6 bila kusema, akihesabu jambo jingine: unite za simu zilizonunuliwa wiki ambayo chumvi ilikopwa kwa jirani.

Kutengana kunaongeza tatizo. Wafanyabiashara wa Butembo wamezoea safari za Dubai na Guangzhou, wachimbaji hukaa porini majuma mengi, madereva hulala njiani. Vita navyo vimegawa vitanda. Juni 28, 2024, waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na maelfu ya watu, wengi wao wakiwa tayari wakimbizi kutoka Rutshuru, walishika njia ya kaskazini. Familia zililala madarasani na makanisani, watu wa nyumba 5 katika chumba kimoja, ambako mume na mke hawawezi hata kunong'onezana. Mtu asiyelala kwa hofu ya risasi hutafuta cha kumtuliza, na simu iko mkononi. Madaktari wa akili wanalijua hili vizuri: mara nyingi hamu inayomsukuma mtu kwenye picha si ya mwili hata kidogo. Ni hofu, ni upweke, ni aibu ya baba asiyeweza kulisha.

Ndoa inapoumia

Wake wengi hawaanzi na picha wanaposimulia. Wanaanza na uongo. «Nilikuwa ninasoma Biblia kwenye simu.» Mtu akidanganywa miaka 3 juu ya jambo la kitandani, anarudi nyuma na kuipima ndoa nzima upya: ile safari ya Beni, ile fedha iliyopotea, yule shemeji. Baadhi hupata dalili zinazofanana na za aliyenusurika ajali: hawalali, wanashtuka simu inapolia, wanaipekua usiku. Ndiyo maana kumtibu mume na kumsahau mke ni kuziba tundu moja la paa mvua ikiwa inapita kwa mawili.

Baada ya uongo huja kulinganishwa. Mke aliyezaa mara 6 anajipima na mwili uliochaguliwa, ukapakwa na kuangazwa kwa taa. Mume naye huenda asiweze tena na mkewe, au ataweza kwa kufumba macho na kukumbuka video. Wengine hudai mambo waliyoyaona. Hapa pasiwe na lugha laini. Kumlazimisha mke ni ukatili, na hakuna ugonjwa unaougeuza ukatili kuwa kitu kingine.

Wanawake nao hutazama, na wapo wanaoshindwa kuacha. Hao hufika kwa mshauri wakiwa wamechelewa zaidi, kwa kuwa mwanamume mwenye tabia hiyo husemwa kuwa na udhaifu, mwanamke huitwa jina la matusi na mbuzi za mahari zikaanza kutajwa.

Kupima

Mshauri huuliza mambo machache yaliyo wazi. Je, ngono au video zimekuwa kitovu cha siku, hata kula, kuoga na watoto vikaachwa? Umejaribu kuacha mara ngapi? Unaendelea ingawa umeshapata hasara, au ingawa raha yenyewe imeisha? Haya yameendelea miezi 6 au zaidi? Kisha anatafuta kilichojificha nyuma: huzuni kuu, majeraha ya vita, kasiksi (pombe ya ndizi) na pombe kali, au wazimu wa kupanda na kushuka (bipolar), ambao mgonjwa wake anapopanda hutaka ngono, fedha na safari vyote kwa pamoja. Zipo hata dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoweza kuamsha tabia hii kwa mzee aliyekuwa mtulivu maisha yake yote.

Matibabu

Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya maneno. Mgonjwa hupewa daftari. Anaandika saa, mahali, alichokuwa akihisi kabla, na alichohisi baada. Wiki 2 zinatosha kuonyesha mchoro: labda kila Ijumaa baada ya kudaiwa deni, labda kila mara baada ya kugombana juu ya mama mkwe. Hapo ndipo kazi inapoanzia. Simu inalala upande wa jikoni, mega za usiku hazinunuliwi, vikundi vinaachwa. Hivi ni vizuizi tu; mwenye hamu atavivuka, lakini vinampa dakika 10, na hamu ina tabia ya kupanda, kufika kilele na kushuka yenyewe ikiachwa.

Mbinu moja haimfundishi mtu kupigana na hamu kabisa. Inamfundisha kuiona ikipita kama lori la mizigo barabarani, naye aendelee na lile analolithamini, awe ni mtoto anayesubiri kusaidiwa hesabu au shamba linalosubiri kupaliliwa. Watafiti wawili, Crosby na Twohig, waliijaribu Utah, jimbo la Marekani lenye waumini wengi wa kanisa la Mormon. Wanaume 28 walishiriki, vikao vilikuwa 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: kutazama kulipungua kwa asilimia 93 kwa waliotibiwa, dhidi ya 21 kwa waliokuwa bado wanangoja zamu. Kundi ni dogo. Bado lina la kusema kwa mji wa waumini kama huu, kwa sababu kulaani hamu na kufunga siku 3 ili iondoke ndivyo vita ambavyo watu wengi wa vyumba vya maombi wameshindwa mara nyingi. Sala humpa nguvu anayeamini. Lakini pepo akishafukuzwa Jumapili na video zikarudi Jumatano, mtu anabaki na aibu mara mbili, na aibu ni moja ya vitu vinavyomrudisha kwenye simu.

Dawa huja nyuma. Zile za huzuni, mfano fluoxetine, hupunguza hamu na husaidia zaidi palipo na huzuni. Naltrexone, itumikayo kwa walevi, imejaribiwa, ikiwemo Poland katika utafiti wa 2022. Zote ni za kuandikiwa na daktari, si za kununuliwa dukani kwa kukisia.

Kwa upande wa ndoa, hatua ngumu ni kukiri. Washauri wenye uzoefu huzuia kukiri kwa vipande: leo video, mwezi ujao mwanamke wa mji jirani wa Kirumba, baadaye deni. Kila kipande hufungua kidonda upya. Husemwa yote, mara 1, baada ya kutayarishwa, mbele ya mshauri, bila kusimulia yaliyomo kwenye video. Kama kulikuwa na ngono ya nje, wote wawili hupimwa virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine. Mke hapewi kazi ya polisi wa simu; kazi hiyo humchosha na kumfundisha mume kuficha vizuri zaidi.

Wazee je? Wanande, wenyeji wa eneo hili, wana kyaghanda, mahali pa kuota moto ambapo wazee walifundisha vijana na kusuluhisha magomvi. Kwa deni, mpaka wa shamba na mbuzi za mahari, sijui mahakama iliyo bora. Kwa jambo hili sishauri baraza la watu 12. Mzee mmoja, aliyechaguliwa na wote wawili, anatosha. Au padri, ambaye siri ya kitubio humfunga mdomo.

Wa kuwasaidia wanapatikana wapi? Ujuzi wa ushauri wa kisaikolojia uliopo Grand Nord umejengwa na misiba miwili. Ubakaji wa vitani ulileta nyumba za kusikiliza, ambazo kwa Kifaransa huitwa maison d'écoute, na wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wanaojulikana kwa herufi APS. Ebola, iliyotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, ilizidisha idadi yao Beni na Butembo. Watu hawa walifundishwa kumpokea mwanamke aliyebakwa na yatima wa Ebola, si mwanamume anayesema simu imemshinda. Hata hivyo wanajua yaliyo magumu kufundishwa: kunyamaza, kutoshangaa, kufunga mlango. Kwa anayehitaji daktari wa akili, watawa Wakatoliki wa shirika la Ndugu wa Upendo wana kituo cha Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Butembo pia ilikuwa tegemeo la wagonjwa wa Kanyabayonga hadi mstari wa vita ulipokata njia.

Sheria

Kongo haimfungi mtu mzima kwa kuwa mraibu. Inaadhibu picha za ngono za watoto, yaani wote walio chini ya miaka 18, kwa sheria ya Januari 10, 2009, na ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu Machi 13, 2023. Jirani Uganda ilijaribu njia ya jela: sheria ya 2014 dhidi ya ponografia ilizaa kamati maalumu mwaka 2017, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikavunja vifungu vyake vikuu, ikiona maana ya ponografia humo ilikuwa pana mno.

Mume asipokuja

Mara nyingi anayefika kwa mshauri ni mke, peke yake, na kitenge kimefunika uso hadi avuke mlango. Hatibiwi mume kupitia kwake. Anaulizwa kama analala, kama anapigwa, kama watoto wameona kilichomo kwenye simu, nani wa ukoo wake anaweza kumpokea ikibidi aondoke usiku. Baada ya hapo anaulizwa anataka nini yeye, na mara nyingi inachukua vikao 2 au 3 kabla hajapata la kujibu.