Goma 1994: Utafiti Uliotuachia Vipimo

Wakimbizi wenzetu wengi huuliza: wageni wanaokuja na madaftari yao kutuuliza maswali, utafiti wao una faida gani kwetu? Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi wa Kamati tumeona vema kujibu kwa historia ya eneo letu hili la Maziwa Makuu.

Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Goma, nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), katika muda wa siku chache. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano: kuchimba choo ni shida, kuchimba kaburi ni shida vilevile. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotiwa dawa. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Misaada ilifika kwa wingi. Lakini pamoja na raia walivuka pia wanajeshi wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe. Chakula kilipogawiwa kupitia kwa viongozi wao, wao ndio walioamua nani apate na nani akose. Raia aliyetaka kurudi nyumbani alitishwa, na wengine waliuawa. Umoja wa Mataifa ulitafuta nchi za kutoa askari ili wenye silaha watengwe na raia, na karibu zote zilikataa. Mwaka 1995 UNHCR ililazimika kugharimia askari 1,500 wa Zaire walinde kambi. Walipunguza fujo, lakini wenye silaha walibaki palepale.

Wakati huo nchi na mashirika yaliyotoa misaada yalikubali kuchunguzwa. Kwa uongozi wa Denmark, utafiti mkubwa ulifanywa, na ripoti yake ikatoka Machi 1996 katika juzuu 5. Ilisema mambo mawili yanayotuhusu hadi leo.

La kwanza ni kwamba misaada ya kibinadamu haiwezi kushika nafasi ya hatua za kisiasa. Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Tarehe 21 Aprili, badala ya kuongeza askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Rwanda, Baraza la Usalama liliamua wapunguzwe hadi 270. Serikali zilizoweza kuzuia damu hazikuzuia. Baadaye zikatuma unga na blanketi. La pili ni kwamba mashirika mengine yalifika bila ujuzi wa kutosha, na kwamba kazi yao ni lazima iwe na vipimo.

Hilo la pili lilisikilizwa. Mwaka 1997 mashirika yalianzisha mpango wa Sphere, na kitabu chake kamili kilitoka mwaka 2000: angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20. Mama anayepanga dumu lake foleni ana haki ya kuvijua vipimo hivyo na kuviulizia. Vilitokana na vifo vya Goma.

La kwanza halikusikilizwa. Mwishoni mwa 1996 vita viliingia kambini. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama liliidhinisha jeshi la kimataifa chini ya Kanada, na siku hiyohiyo umati kutoka Mugunga ulikuwa tayari njiani kurudi Rwanda. Wengine walikimbilia misitu ya magharibi, na wengi waliangamia huko. Jeshi lile lilivunjwa bila kuwafikia. Vita hivyo viliwang'oa pia Wakongo wengi makwao.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtafiti akija mwambieni ukweli, na msiishie kwenye maji na chakula. Mwelezeni pia habari za usalama, na kinachowazuia watu kurudi kwao. Mwombeni alete ripoti yake hapa tuisome. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru kwa kazi yenu. Tunawaomba, mnapoandikia wakuu wenu kuhusu lita na vyoo, mwandike pia kwamba tunaulizia amani ya makwetu.